Kitasa cha bafuni na barua za sisimizi

Kuna asubuhi moja nilijifungia bafuni, nikaoga vizuri nikamaliza, nashika kitasa nitoke kikawa kinazunguka tu bila kufungua chochote. Nikaita. Kimya. Nikaita tena kwa ile sauti ambayo watoto wangu wanajua nikifika hapo mambo yameharibika, ndo nikamsikia mkubwa nje ya mlango anajibu taratibu kabisa, mama subiri kidogo tu, nimetoa kitu nataka nione kinavyorudi.

Kitu chenyewe ni nusu ya kitasa. Nilikaa mle ndani karibu nusu saa, juu ya ndoo niliyoipindua, nasikiliza vipande vya chuma vinadondoka sakafuni kimoja kimoja, mdogo wake anauliza hiki cha wapi, na yeye anajibu sijui bado usikisogeze. Hasira niliyokua nayo sina haja ya kuielezea. Ila humo humo kwenye hasira nikastuka, huyu si ndo yule mtoto ambaye kumkalisha na daftari la hesabu dakika 10 ni vita? Na hapa yuko kazini muda wote huu, halalamiki njaa, haendi kunywa maji mara tatu, hata penseli haijapotea.

Alikua na miaka 9 wakati ule. Na tulikua tumeshapoteza karibu mwaka mzima.

Nasema kupoteza kwa sababu tulipoanza kuwafundisha nyumbani nilifanya lile kosa ambalo naona wazazi wengi wanalifanya, niliichukua shule nikaihamishia sebuleni. Ratiba ukutani, alamu ya simu ndo kengele, vipindi vya dakika 40 na kalamu nyekundu juu. Mi mwenyewe ndo mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu na mpiga kengele. Kufika mwezi wa tatu tulikua tunalia wote, tena mi ndo kiongozi. Mkubwa akawa na tabia moja iliyoniuma sana, kila akiandika jibu haangalii daftari, ananiangalia mimi usoni aone kama nimekunja uso au nimetabasamu, alafu anafuta au anaacha kulingana na uso wangu. Hesabu hajaiwaza hata kidogo, amesoma uso wa mama yake.

Baadae nikaja kukuta kuna Mmarekani mmoja anaitwa John Holt, alikua mwalimu wa darasani, aliandika kitu hichohicho miaka ya 1960, kwamba watoto wengi darasani kinachowaendesha ni woga wa kuaibika na akili zao zote zinaenda kwenye kuvizia mwalimu anataka jibu gani. Mwanzoni alitaka shule zibadilike, baadae akaona hazibadiliki, 1977 akaanzisha jarida la familia zinazofundisha watoto nyumbani. Mi nakubaliana nae nusu. Kwenye woga namkubali asilimia mia maana nimeuona na macho yangu. Ile ya kumuacha mtoto aende kabisa anakotaka yeye, hapana, moyo wangu umekataa. Kusoma na hesabu kwetu ni kila siku asubuhi, wapende wasipende, nusu saa hivi na imeisha. Inayobaki ya siku ndo yao.

(Na kabla hujafika mbali angalia sheria ya ulipo inasemaje, maana hili jambo haliko sawa kila mahali. Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu, Uingereza wanaruhusu, ila Ujerumani mtoto lazima aende shule na kuna wazazi wamefikishwa mahakamani kwa kumbakisha nyumbani. Usije ukasema nilikudanganya.)

Basi turudi kwenye kitasa. Baada ya siku ile nikaamua bwana, kama ni vitasa acha iwe vitasa. Nikamkusanyia makufuli mabovu kwa ndugu na majirani, nikampa bisibisi yake mwenyewe na meza ya pembeni, na sheria moja tu, mlango wenye mtu ndani hauguswi. Miezi miwili hivi akawa anafungua na kufunga, na mi najisifia kwa kila mtu kwamba mwanangu ni fundi, anajisomea mwenyewe, hii ndo elimu sasa.

Alafu siku moja nikamuuliza tu, hivi kufuli inafanyaje kazi? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, unaingiza ufunguo, unazungusha, inafunguka.

Nilichoka. Miezi miwili!

Ndo hapo nilipojifunza kitu ambacho ndo kimenifanya niandike leo, maana naona watu wengi wanahubiri muache mtoto afuate anachopenda, fuata anachopenda, wanaishia hapo. Kupenda ni mlango tu. Mtoto anaweza akachezea kitu anachokipenda mwaka mzima na asikijue, kwa sababu mikono inazoea na kichwa kinadhani kimeelewa. Mpaka atokee mtu ambaye yeye mtoto atamuelezea, tena mtu asiyejua, tena ambaye haoni aibu kusema sijaelewa.

Kwetu huyo mtu alikua baba yangu. Tulimpigia kwa vidio, mtoto akamsalimia shikamoo babu, akaitikia marahaba, nasikia umemfunga mama yako bafuni, safi sana, haya nieleze mle ndani ufunguo unafanya nini.

"Unasukuma pini."

"Zinaenda wapi?"

"Juu."

"Sasa mjukuu wangu, mi nikichukua ufunguo wangu wa kabati nikauingiza kwenye mlango wenu si utasukuma pini juu vilevile? Mbona haufungui?"

Mtoto akafungua mdomo akafunga. Akaangalia kufuli iliyokua mkononi. Akasema babu ntakupigia kesho, akakata simu bila hata kuaga.

Hiyo kesho ilichukua siku 9. Ndani ya hizo siku 9 nyumba yangu ilikosa kalamu inayofanya kazi maana springi zote za ndani zilitolewa, penseli zikakatwa vipande vifupi na virefu, boksi la viatu likachanwa. Na maswali sasa yakawa ya maana, akaanza kutafuta michoro mwenyewe, akaomba nimsomee maelezo aliyokwama, yani huyu ambaye kusoma ukurasa mmoja ilikua mpaka tubembelezane.

Alipompigia babu tena alikua amesimamisha kipande cha boksi wima mbele ya kamera, ubavuni kimepigwa mstari mmoja mwekundu toka kushoto mpaka kulia. Juu ya mstari ni mwili wa kufuli ambao hautembei, chini ya mstari ni silinda inayotakiwa kuzunguka. Ametoboa vijia vitano vya kusimama vinavyoukata ule mstari, kila kijia kina vipande viwili vya penseli kimoja juu ya kingine, na springi ya kalamu inavikandamiza toka juu. Sasa angalia babu, sa hivi hakuna ufunguo, vipande vya juu vimeshuka vimekaa nusu huku nusu kule, vimeupita mstari, ndo maana silinda haizunguki, imeshikiliwa. Akaingiza ufunguo wa kadibodi wenye meno, vipande vikapanda, na hapo ndo akasema kile alichokua hakijui mwanzo. Sio kwamba zinatakiwa ziende juu tu. Kila jozi ina urefu wake, na jino lake linaipandisha mpaka pale vipande viwili vinapoachana ndo pafike kwenye mstari mwekundu, sio chini yake, sio juu yake. Jino likiwa fupi kipande cha juu kinabaki kimezuia. Jino likiwa refu sana kipande cha chini nacho kinavuka mstari, kinazuia yeye. Ufunguo wako wa kabati babu unasukuma ndio, ila unasukuma vibaya.

Babu akasema sijaelewa hapo kwenye refu. Nilitaka kuingilia, nikajiuma ulimi. Mtoto akarudia. Babu akasema bado. Akarudia mara ya tatu, safari hii akabadilisha jino moja akaweka refu makusudi akamuonyesha kipande kilivyokwama. Aaaaah, babu akasema, na ile aaah ilikua ya kweli, baba yangu hajui kuigiza.

Alafu huyo mzee akatoa swali la kuagia. Sasa huyo aliyetengeneza kufuli, anaweza kutengeneza funguo ngapi kabla hazijaanza kufanana?

Pini 5, tukasema tuchukulie kila moja inaweza kukatwa urefu wa aina 6. Mkubwa akajibu hapohapo, 30. Yani 5 mara 6. Mimi kimya, mkono mdomoni. Aliyemkatalia ni mdogo wake, wakati ule ana miaka 6, ambaye alikua pembeni anachora. Akasema tuanze na pini mbili tuone. Wakachukua karatasi wakaandika 11, 12, 13, 14, 15, 16, alafu 21, 22, wanaenda hivo hivo mpaka 66, wakahesabu zikatoka 36. Mkubwa alitegemea 12. Alikaa anaiangalia ile karatasi muda mrefu, alafu akasema polepole, kumbe kila pini ukiongeza zote za mwanzo zinarudiwa mara sita. Akaanza kuzidisha mwenyewe kwa mkono, 216, alafu 1,296, akakosea, akafuta, akakosea tena, mwisho ikatoka 7,776. Huyu mtoto alikua hajui jedwali la saba wakati ule, usinicheke, ila lile la sita tokea siku hiyo analo mpaka leo.

Kilichofuata kilienda chenyewe. Nani alianza, akakuta kufuli ya pini kama tunayoijua leo hataza yake (yani hati ya haki ya aliyeibuni) ni ya Linus Yale, Mmarekani, 1861, akashangaa zaidi alipojua kwamba wazo la pini zinazodondoka kwa uzito wake na kuzuia komeo lilikuwepo Misri ya kale kwenye makufuli ya mbao. Basi tukawa Misri wiki tatu. Sikupanga mimi.

Kuna mzazi aliniuliza sasa kama anachopenda mtoto ni gemu tu je. Jibu langu ni lilelile, muombe akueleze, na uwe hujui kweli. Mara nyingi utakuta kuna vitu vizito humo ndani, na wakati mwingine utakuta hamna kitu, na hapo pia utakua umejua. Seneca, yule Mrumi wa kale, aliandika kwamba watu wanapofundisha ndo wanajifunza, kwahiyo sio jambo jipya wala sio la intaneti, tumelijua karibu miaka 2000 na bado tunawakalisha watoto kimya.

Sasa usije ukadhani nilikua nimeshajua kila kitu, maana kwa mdogo niliharibu vibaya.

Mdogo ni tofauti kabisa. Muda mrefu nilidhani hana anachokipenda. Kaka yake ana makufuli, yeye leo anasuka uzi kesho ameacha, keshokutwa anataka kuimba, nikawa na wasiwasi kabisa nikimlinganisha. Kumbe kitu chake kilikua kidogo tu na cha kimya, alikua anachora sisimizi. Pembeni ya daftari, nyuma ya risiti, kwenye boksi la kaka yake. Mi nikawa naona michoro ya kawaida mpaka siku nikaangalia vizuri nikakuta miguu yote sita inatokea kifuani, hakuna hata mmoja unaotoka tumboni. Mtu mzima ukimwambia achore sisimizi hapohapo anaitawanya miguu mwili mzima. Huyu alikua amelala chini kwa tumbo lake amehesabu.

Nikafurahi. Na furaha yangu ndo ikaharibu. Nikaanza, wageni wakija, mwanangu hebu lete daftari lako uwaonyeshe. Waeleze. Ongea kwa sauti. Wageni wanapiga makofi, oooh msanii huyo, na mimi nikaongeza na la kwangu, kila mchoro mzuri stika ya nyota. Wiki kama tatu hivi alinifuata, alafu akaacha kuchora. Kabisa. Nikimuuliza anasema sijisikii. Daftari lilikaa juu ya kabati miezi miwili.

Iliniuma kwa sababu nilikua nadhani nafanya kilekile kilichofanya kazi kwa kaka yake. Mpaka nikasoma jaribio moja la 1973, watafiti Lepper, Greene na Nisbett, kule Stanford Marekani, walichukua watoto wa chekechea ambao tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa kabisa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe. Wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya muda wakaziweka zile kalamu darasani wakati wa kucheza huru wakaangalia tu, na wale walioahidiwa cheti walizigusa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kuna kundi lingine walipewa cheti kwa kushtukizwa bila kuahidiwa, hao hawakuharibika. Kwahiyo sio zawadi yenyewe, ni ule mkataba. Mchoro ukishakua kazi ya kulipwa, siku hakuna malipo mtoto anajiuliza nachora ya nini.

Na kwangu mimi kulikua na la zaidi. Babu hakumpigia mkubwa makofi hata siku moja. Alimuuliza. Wageni wangu walipiga makofi na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanini miguu yote inatokea kifuani. Mtoto anajua tofauti hiyo, hata kama hawezi kuisema.

Nikaziondoa stika kimyakimya, sikutangaza. Na nikakaa kimya juu ya kuchora, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kama mzazi.

Kilichomrudisha ni barua. Dada yangu ana binti wa umri wake, aliugua akalazimika kulala ndani wiki kadhaa, mdogo akasema nataka kumwandikia. Mwandiko wake ulikua unapanda mlima na kushuka, nusu ya maneno nusu michoro, na michoro yenyewe ni nini, sisimizi. Alimwandikia kwamba wale wote unaowaona wanabeba vitu ni wa kike. Wote! Wa kiume wanakua na mabawa, wanatoka mara moja kwa ajili ya malkia alafu wanakufa. Hilo jambo lilimfurahisha kupita maelezo, alimsomea kaka yake mara nne kwa makusudi.

Barua ikajibiwa, ikajibiwa tena, sa hivi wako kwenye ya 20 na kitu. Na nimekuja kujua kwamba Beatrix Potter, yule Mwingereza wa hadithi ya sungura inayojulikana dunia nzima, yeye mwenyewe hakusomea shule, alisomea nyumbani, na ile hadithi ilianza 1893 kama barua yenye michoro kwa mtoto mmoja mgonjwa, mtoto wa aliyekua mwalimu wake. Msomaji mmoja tu! Huyohuyo alichora uyoga kwa usahihi mpaka 1897 andiko lake likapelekwa kwenye jumuiya ya wanasayansi London, ila liliwasilishwa na mwanaume kwa niaba yake maana wanawake walikua hawaruhusiwi kuhudhuria mikutano. Sisemi mwanangu atakua Potter, jamani. Nasema tu hadhira ya mtu mmoja aliyelala kitandani anasubiri barua imeshinda wageni wangu wote wa sebuleni.

Mapengo yapo, sifichi. Mkubwa, sasa ana 11, tahajia yake ni janga, anaandika kama anavyokimbia. Hana subira na kitu ambacho hajakichagua yeye, na maisha yana vitu vingi vya aina hiyo. Mdogo hesabu anaifanya kwa sababu ni ya asubuhi na inaisha. Kuna siku mimi nimechoka na hakuna aliyefuata anachopenda wala nini, tumeangalia katuni tu mchana mzima. Na ukifika wakati wa mitihani ya nje tutakaa chini tuisomee kama watu wote, sina ndoto kwamba kufuli zitawafaulisha.

Juzi ilikuja barua ya binamu, chini kabisa ameuliza, sasa mbona hawapotei njia kwenda na kurudi? Mdogo alisoma, akaweka kijiko chini, akatoka nje na uji wake haujaisha. Nikamfuata baada ya muda nikamkuta amechuchumaa mbele ya msafara unaopita kwenye kizingiti, amelowesha kidole, anafuta kwenye sakafu mstari mmoja unaoukata msafara katikati. Sisimizi wa mbele wakafika kwenye ule mstari wakasimama. Wanageuka, wanagusana kwa vipapasio, wanarudi nyuma, wa nyuma nao wanawakuta, pamejaa, hakuna anayevuka, na hapo palipofutwa ni upana wa kidole tu. Nikasema mwanangu uji un...

Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mama usinisemeshe, nahesabu."

Nikachuchumaa pembeni yake. Wa kwanza alivuka alipofika 143.